Mgeni Niliyempa Jembe la Chama

Mnaotaka kucheka, chekeni sasa hivi mmalize, maana nikishaanza sitaki mtu anikatize. Hili lilinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu. Na halikuwa jambo la usiku. Watu wakisimulia mauzauza hupenda kuweka giza; mimi yangu yalinikuta jua linawaka, na asubuhi yake majirani wakaja kujionea.

Kwetu ni Talatala, Kyela. Mume wangu Ambakisye alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha kufa na kuzikana, mimi katibu. Zamani chama kilikuwa chama kweli. Mtu akifa, wanaume wameshaanza kuchimba, wanawake wameshateka maji, mfiwa hajui hata kuni zimetoka wapi. Na hata pasipo msiba tulikuwa tunakutana Jumapili, tunapika ndizi, tunataniana mpaka jioni. Wazee wetu huita ukwangala, kule kukaa na wenzako mkafurahi. Basi kokoa ikapanda bei, kila mtu akajiona anajitosheleza. Huyu yuko bize, yule kahamia chama cha mjini chenye maturubai na spika, vijana wakaenda zao Mbeya na Tunduma. Tukabaki vikongwe na wajane.

Hapo ndipo Ambakisye akaugua. Tumbo likajaa, miguu ikavimba, hospitali wakatuambia tukamuuguzie nyumbani. Mnajua kilichokuwa kinamliza? Si maumivu. Mtu amewachimbia makaburi watu wa kijiji kizima, sasa amelala kitandani na hakuna hata mmoja anayebisha hodi. Akanishika mkono akasema, "Mama Tusa, nitafutie watu. Usikubali nizikwe na vibarua."

Nikazunguka kwa wote waliojitoa, nyumba kwa nyumba, na kwingine nilipiga magoti. Walinijibu vizuri tu, kwa huruma, kwamba watakuja. Hawakuja. Ndipo nikaamua kwenda hadi bandarini Itungi, kwa wauza samaki na wale wanaovusha bidhaa Malawi, huenda nikapata damu mpya. Nilibeba jembe la chama begani. Desturi yetu ni kwamba anayeingia chamani hukabidhiwa jembe lile akakae nalo kwake, na msiba ukitokea yeye ndiye anayefungua kaburi. Ukishalipokea hulirudishi mpaka limefanya kazi. Nilisema yeyote atakayekubali nitampa palepale, asije akabadili mawazo. Kukata tamaa ni kubaya, nawaambieni.

Itungi wakaniona mama aliyechanganyikiwa. Mmoja akanipa samaki wawili niende zangu. Nikarudi kwa miguu katikati ya mashamba ya mpunga, nalia njia nzima bila hata kuficha uso.

Jua lilikuwa bado kali mwanamume mmoja alipotoka kwenye jaruba lililojaa maji mpaka magotini, akaja kusimama mbele yangu. Suruali yake kavu. Miguu haina hata tone la tope. Niliona, msidhani sikuona. Kisha akachutama kunisalimu, "Ndaga, mama." Kwetu mwanamke ndiye anayechutama. Mwanaume mzima anichutamie mimi, kwa lipi?

Kabla sijafungua mdomo akaniuliza kama chamani kuna nafasi. Jamani! Ni nani aliyekuwa ameniuliza swali hilo miaka yote ile? Akasema wao wako wengi, kuchimba wanajua, ila hawajapata wa kuwakaribisha. Mimi ninayejulikana kwa udadisi, ninayemhoji mchumba wa mtu mpaka nijue ukoo wa mjomba wake, siku ile sikumuuliza hata jina. Nilijisemea atakuwa mtu wa ng'ambo ya mto Songwe, tuna ndugu wengi kule. Nikampa jembe. Vidole vyake vilipogusa kiganja changu, baridi ilipanda mpaka kwenye kiwiko. Akashukuru, akarudi kwenye maji, na maji hayakutikisika.

Nyumbani nilimwambia Ambakisye tumepata mwanachama, na ana wenzake. Alifurahi, akanywa uji wote. Akaniuliza jina la mgeni, nikamwambia nitamwambia kesho.

Kulipopambazuka nikasikia jembe linalia nyuma ya nyumba, kule migombani tulikowazika wazazi wake. Ambakisye naye alikuwa macho. Mtu aliyechimba makaburi maisha yake yote ataacha kuijua sauti ile? Alinitazama tu, na macho yale sitayasahau.

Nikatoka mbio. Alikuwa yule yule, amezama kiunoni, na jembe ni letu. Alikuwa peke yake, lakini udongo ulikuwa unatoka pande zote za shimo kwa pamoja, na chini kulikuwa na sauti za wanaume wanaongea taratibu kama watu walio kazini. Nikamwambia mume wangu yu hai, afukie aondoke. Akasema wanajua, wanamsubiri. Nikashika mpini kwa mikono yote miwili nikavuta, ukawa kama nang'oa mti. Nikapiga magoti kwenye ule udongo, nikamsihi aniambie anataka nini, nitampa chochote, hata mimi mwenyewe anichukue.

Akasimamisha jembe. Akanijibu kwa upole, bila hasira hata kidogo, "Mama, jana uliomba wazikaji. Uzima hukuuomba."

Akaendelea kuchimba.

Sasa sikilizeni. Jembe likilia migombani alfajiri, nani asiyeelewa? Majirani wakaanza kuja. Wakaja wale wote niliowapigia magoti, wanawake na khanga viunoni, wanaume na makoleo, wengine wameshaanza kulia. Walipoambiwa mwenye nyumba bado anapumua, waliona haya hata ya kurudi. Wakabaki. Mmoja akawasha moto, mwingine akaleta mchele, mwingine mkungu wa ndizi. Mgeni hayupo tena. Shimo lipo, na jembe limelazwa kando yake.

Ambakisye akaomba atolewe nje. Tukamweka mlangoni kwenye mkeka, mgongo kwenye mito. Akawatazama mmoja mmoja akiwaita majina, akawatania waliozeeka, akala ndizi na mchuzi. Alicheka, niaminini, mpaka akakohoa. Ilikuwa siku yetu nzuri kuliko zote tulizowahi kuwa nazo chamani, na mimi nilikuwa nahesabu pumzi zake. Jua lilipoinama, alikata roho katikati ya maongezi, mkono wake ukiwa mkononi mwa jirani. Alizikwa na wenzake. Kibarua hakuonekana.

Tangu hapo chama kimefurika. Wanatoka mpaka Makwale kuja kujiandikisha, na wananisifu kwamba katibu nimefanya kazi. Tunapofiwa, kaburi hukutwa limeshaanzwa, nao hawajui kwamba sijamtuma mtu. Mimi hii mikono haina joto tena. Nikishika chungu kilichotoka motoni sihisi kitu mpaka nione ngozi imebabuka. Na kila alfajiri nalala macho, nasikiliza jembe linalia migombani kwa nani.

Nanyi mnaonisikiliza, mkimwona mtu anaomba nafasi chamani na miguu yake haina tope, mnyimeni, hata kama mmebaki wawili. Ila hilo silo hasa nililotaka kuwaambia. Majirani wale niliwaita kwa mdomo wangu, nikawaita kwa magoti, wakaja kwa sauti ya jembe. Wangekuja Jumapili moja tu kabla ya hapo, wakakaa naye wakacheka vile vile, mimi nisingekwenda Itungi. Kwa hiyo kama una mwenzako amelala ndani na hujamwona siku nyingi, inuka sasa hivi uende. Mkewe yuko njiani, anatafuta mtu yeyote.