Mahali pa Mama Palipoachwa Wazi

Siku moja haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu, ingawa majina ya wajukuu wangu nayachanganya kila asubuhi. Nchi ilikuwa imejitawala karibuni. Nilikuwa kijana wa ofisi ya posta hapa Kisangani, mji ambao bado uliitwa Stanleyville. Nilikuwa na kanzu nyeupe ya Ijumaa, kofia ya kufuma, na kiburi kisichoenea ndani ya nyumba.

Babu mzaa baba alikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, zamani za pembe za ndovu. Kwa hiyo sisi tulijiita waungwana, na nasaba tuliihesabu kwa baba tu. Mama yangu alikuwa Mgenia, binti wa wavuvi wa maporomoko ya mto, hapo juu ya mji. Nilimpenda, Mungu amrehemu, lakini mbele za watu sikupenda kutaja kwao. Kaka yake, mjomba Bolali, alikuwa akituletea samaki, nami nilimwambia apitie mlango wa nyuma. Naona haya kukusimulia, lakini nasaha isiyomuuma msemaji ni porojo.

Serikali mpya ilipoandikisha watu, nilijipanga mstari pamoja na wenzangu. Karani akauliza bila kuinua kichwa:

“Papa yako, kabila gani?”

“Mutu ya pwani. Muungwana.”

“Na mama?”

“Andika ya papa tu. Inatosha.”

Hapo akaniangalia. “Bon, sawa. Ni weye umesema.”

Akapiga mstari mahali pa mama. Nami nikatia sahihi kwa mbwembwe, herufi ya mwisho nikaivuta kama mkia wa nyani. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Kumbe muungwana naye hujifunga kamba kwa mkono wake mwenyewe.

Ukaja uasi. Hayo sitayasimulia leo, maana walikufa wengi wasio na kosa, na mimi niliponea mji wa Ubundu nikila mihogo ya watu. Serikali iliporudi mjini, vitabu vilifunguliwa upya. Kazi ya serikali ikawa ya raia peke yao, na mgeni asiye na karatasi akatakiwa kuondoka nchini. Nikaitwa mbele ya hakimu, mtu mpole wa upande wa Opala, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

“Alors, kijana,” akasema, “kitabu inasema weye uko mugeni.”

“Nilizaliwa hapa, Papa Hakimu!”

“Kuzaliwa hapa peke yake haitoshi. Unaweza kuomba karatasi ya inchi ya babu yako. Lakini jua: uraia ya Kongo iko moja tu. Ukichukua ya ingine kwa kupenda yako, ya hapa inakufa.”

Nikamtafuta moyoni mtu mmoja ninayemjua huko pwani, hata jina lake tu. Sikumpata. Wala chumvi ya bahari ile sijaionja hadi leo. Kwa mara ya kwanza niliogopa, mwanangu, hofu ya mtu anayeambiwa kuwa udongo alioukanyaga tangu utoto si wake.

Hakimu akaiona hofu yangu, akafungua sheria mpya. Akanieleza kwamba Mkongomani ni yule ambaye walau mmoja wa waliomtangulia alikuwa wa kabila lililokaa katika ardhi hii kabla mfalme wa Wabelgiji hajaikabidhi kwa serikali ya kwao. Mmoja tu. Sheria haikutaja baba, wala haikutaja mama.

“Uko naye, huyo moja?”

“Mama,” nikasema.

“Donc, basi, leta mashahidi.”

Nilikwenda kwa mjomba Bolali. Nilimweleza yote, hata ule mstari. Hakunikemea. Aliuliza tu, “Ule hakimu anaogopa maji?”

Kesho yake mimi, mjomba na hakimu tulisimama juu ya mwamba, maporomoko yakinguruma hata kifua kikatetemeka. Pale Wagenia husimika miti mikubwa ndani ya mashimo ya mwamba, wakaifunga kwa kamba za porini, kisha hutundika vikapu virefu vya kunasia samaki. Nilidhani kila mtu hutega anapopenda. Sivyo. Kila shimo lina ukoo wake. Mti ukioza, mwana wa ukoo uleule husimika mwingine palepale.

Mjomba akapaza sauti, mkono ukielekea shimo moja. “Hapa ni ya Bolali!”

Wanaume waliokuwa wamesimama juu ya miti, povu likiwapiga miguuni, wakaitikia pamoja: “Iko yake!”

“Mbele yangu, Lisungi, papa yangu!”

“Iko yake!”

“Mbele yake, Aluta, papa ya Lisungi! Hapana mashua ya muzungu ilikuwa imefika!”

“Iko yake!”

Akaendelea, jina juu ya jina, hadi majina ambayo sikuwahi kuyasikia. Nywele zilinisimama, mwanangu. Watu wale hawakuwa na daftari wala muhuri, lakini maji yenye nguvu zile hayakuwa yamefuta hata jina moja. Nami mwenye kalamu nilikuwa nimemfuta mama yangu kwa mstari mmoja. Hakimu alivua kofia, akabaki ameishika kifuani mpaka majina yakaisha. Nililia bila kujificha.

Kitabu kikasahihishwa. Tulipotoka ofisini, ndipo mjomba aliponikemea, kwa sauti ya chini:

“Mutoto ya dada yangu, hakimu hapana kukupa inchi. Mama yako alikupa siku amekuzaa. Ni weye ulikuwa unaitupa.”

Basi nisikilize, wewe unayetaka kwenda Ulaya kutafuta karatasi za huko. Sikukatazi kusafiri. Lakini sheria yetu bado ni ileile kwa jambo hili: uraia wa Kongo haukai na mwenzake, ukichukua mwingine kwa hiari yako huu unakutoka. Uliza kabla ya kutia sahihi, maana wino hausikii “sikujua”. Waandikishe watoto wako wakiwa wachanga, wala usingoje vita. Karani akikuuliza umetoka kwa nani, mtaje baba na umtaje mama, hata kama mmoja wao ananuka samaki na moshi. Sheria ilinihurumia mimi kwa sababu mzee mmoja, mjomba wangu, alikubali kunihurumia kwanza. Si kila mtu atampata mzee wa namna hiyo.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie njiani, akupe afya na uzao, na awaweke hai wanaoweza kusimama mbele ya watu wakasema: huyu ni wetu. Amina.