Maji ya Maharage

"Mimi simsemi mtu, dada, lakini masikio hukupewa ya kuvalia hereni tu," alisema Xepa, akikamua shati la mumewe kwenye karo la kufulia. "Nan Wela ana jicho baya. Mtoto wa mtu akimtazama sana, mtoto anavimba."

Talin aliendelea kusugua. "Nani kasema?"

"Nani hajasema! Wake mwenyewe kawazika wawili. Halafu kuku wote wale alionao, umewahi kumwona sokoni na yai hata moja? Anayala mwenyewe, peke yake, mlango kaufunga. Mtu wa hivyo ana nini, kama si jicho?" Akamchungulia Tun, mtoto wa Talin, aliyekuwa kwenye mbeleko mgongoni mwa mama yake. "Ila huyu wako, Mungu amlinde, sifa yake ni ya watu wote. Mnene, mtulivu. Hajui hata kulia."

Talin alitabasamu, lakini vidole vyake vilikufa ganzi ndani ya maji, na si kwa sababu ya baridi. Jumapili iliyopita, mlangoni pa kanisa, Nan Wela alikuwa amesimama mbele yake, akaushika mguu wa Tun uliokuwa ukining'inia nje ya mbeleko, akaubonyeza kwa kidole gumba. Akautazama. Kisha akaondoka bila kuaga.

Jambo hilo Talin hakumwambia Xepa. Alisuuza nguo nusunusu, akarudi nyumbani haraka, ukungu ukishuka mlimani nyuma yake kama mtu anayemfuata.

Nan Wela, yaani Mama Wela kwa lugha ya kwao, alikuwa mfuma mishipi. Kutwa aliketi barazani kwake juu ya chemchemi, uzi umefungwa nguzoni upande mmoja na kiunoni mwake upande mwingine, akijivuta nyuma na kujiachia, mpaka ungedhani ndiye anayeizuia nyumba isianguke. Mumewe alikwenda kaskazini zamani, hakurudi. Wengine walisema amekufa, wengine wakasema ana mke huko na gari jekundu. Yeye mwenyewe alipoulizwa alijibu, "Uzi umekatika, nisogezee hapo," na mazungumzo yakaishia hapo. Kanisani aliketi benchi la mwisho, na wanawake wenye watoto walihama kidogo kidogo, kama wanaokwepa jua. Talin alipokuwa msichana wa shule, mwanamke huyo alikuwa akimpa pichi kila msimu. Sasa alijiuliza kama zile pichi nazo zilikuwa na kitu ndani.

Jioni ile alimvua Tun soksi. Miguu ilikuwa imejaa, inang'aa, ngozi imevutika. Nywele zake, zilizokuwa nyeusi kama makaa alipozaliwa, zilikuwa zimegeuka rangi ya ndevu za mahindi. Talin aliyaona hayo kila siku, na kila siku alijiambia ni unene, ni jua.

Hakuwa mama mvivu. Mimba aliyokuwa nayo sasa ilipoingia, alimwachisha Tun ziwa, maana maziwa ya mjamzito ni ya aliye tumboni. Tangu hapo alimtengea chakula chake kwa mikono yake. Alichemsha maharage meusi mpaka yalainike, akateka yale maji mazito ya juu, akatia chumvi kidogo, akapoza kwa kupuliza, akamnywesha. Maharage yenyewe alikula yeye, na mumewe Max alipokuwa nyumbani, kabla hajashuka mabondeni kukata miwa, alikula naye. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia. Kila mtu alijua nguvu ya maharage imo majini, na maharage yenyewe ni mazito, yatagombana tumboni mwa mtoto. Hata siku ya sikukuu, kuku alipochinjwa, Tun alipewa mchuzi, wakubwa wakala nyama. Mayai yalikwenda sokoni yakarudi sabuni na sukari, na ile sukari ilikuwa ya Tun, kwenye kahawa yake ya kuchovyea mkate.

Kesho yake alimwita Xepa, aliyejua kuondoa jicho. Xepa alikuja na majani yake na sala zake, akaomba yai lililotagwa asubuhi hiyo. Akalipitisha juu ya mwili wa mtoto, utosini, kifuani, mpaka nyayoni, akinong'ona. Kisha akalipasua ndani ya glasi ya maji. Ute ulielea, ukajikunja, ukatengeneza duara.

"Unaona?" Xepa alinong'ona. "Hilo hapo. Linakutazama."

Talin aliliona. Mwili ulimsisimka mpaka mtoto wa tumboni akageuka. Walilimwaga yai njia panda, wakarudi bila kuangalia nyuma, na siku zilizofuata walirudia, kila siku yai jingine, kwa kuwa kila siku lile duara lilikuwepo.

Lakini Tun hakupungua. Ngozi ya miguuni ilianza kuchubuka kama rangi ya ukuta wa zamani. Uso ulijaa mpaka macho yakawa mistari miwili. Alikaa pale alipowekwa. Mchana mmoja Talin alimpa kipande cha mkate wa mahindi, akaenda kugeuza mingine kwenye kikaango. Alipogeuka, bata mzinga alikuwa ameingia ndani, akampokonya mtoto ule mkate mkononi. Tun hakulia. Hakumfukuza. Aliutazama mkono wake mtupu, kisha hata kuutazama akaacha.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia Talin kikwelikweli. Alimkimbiza bata, akafunga mlango, akatia komeo.

Hakupita muda, pakabishwa hodi.

"Talin, mwanangu. Fungua."

Aliijua ile sauti. Akamkumbatia Tun, akabana pumzi.

"Moshi unatoka paani kwako," ilisema sauti. "Moto haujiwashi wenyewe."

"Hatupo!" Talin alijibu, na papo hapo akataka ardhi impasukie.

"Haya. Basi wewe usiyekuwepo, nakuomba ufanye kitu kimoja. Usinifungulie. Ubonyeze mguu wa mtoto kwa kidole gumba, uhesabu pumzi zako chache, kisha uniambie kama nyama imerudi."

Talin hakutaka. Lakini kidole kilikwenda. Alibonyeza juu ya kisigino, akaachia. Shimo lilibaki. Alingoja. Lilikuwa pale pale, kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa, na Tun wala hakushtuka.

"Haijarudi," alisema Talin.

"Na ya wangu haikurudi," alisema Nan Wela.

Talin aliondoa komeo. Si kwamba alikuwa ameacha kumwogopa mwanamke wa nje. Alichokishika mikononi kilimtisha zaidi.

Nan Wela aliingia, akasimama karibu na mlango, mikono nyuma, kama mtu anayetaka ionekane kwamba hajagusa kitu. "Anakula nini?"

"Maji ya maharage. Kila siku, Nan. Simnyimi."

"Na maharage yenyewe?"

"Nakula mimi."

Mama yule aliketi ghafla kwenye kigoda. "Nami nilikula mimi," alisema. "Wao nikawapa maji. Watu wakaniambia, lo, Wela, watoto wako wanene! Nikafurahi. Walipozidi, nikawazungushia mayai. Mayai mazima, mwanangu, nikayamwaga njia panda, mbwa wakanenepa. Wa pili ndiye niliyempeleka kituo cha afya, na nilikuwa nimechelewa. Muuguzi akaniambia mwili wa mtoto hujengwa kwa maharage yenyewe, na yai, na nyama ikipatikana. Ukimpa maji, umempa maji. Ule si unene. Ni mwili uliokosa cha kujijengea, ukajaa maji."

"Kwa nini hukusema? Pale kanisani?"

"Niseme, nani anisikilize? Nikimtazama mtoto tu, nimemroga. Nikisema ataumwa, akiumwa si nimemlaani?" Alicheka, kicheko kikavu. "Hata wewe, hukuwepo."

Talin aliinamisha uso.

Nan Wela alitoa yai la kuchemsha kwenye mfuko wa aproni yake. Chunguni mlikuwa na maharage; aliteka kidogo, akayaponda kwa nyuma ya kijiko mpaka yakawa laini, akaondoa maganda, akachanganya na kiini cha yai. Hakumlisha mtoto. Alimpa mama yake kijiko. "Safari hii yai lisizunguke nje. Lipite mdomoni. Kidogo tu, ncha ya kijiko."

Tun alifumba mdomo. Talin alijaribu tena. Mara nyingine tena akampaka mdomoni, na ulimi ukatoka taratibu, ukalamba. Akameza. Kisha uso wote ukajikunja na sauti nyembamba ikatoka, kama ya paka aliyefungiwa mbali.

"Nimemuumiza!" Talin alishtuka.

"Analia," alisema Nan Wela, na macho yake yakajaa. "Acha alie. Mungu wangu, analia."

Talin alitaka kuongeza kijiko, lakini mkono wa yule mama ulimzuia. "Basi. Hicho si cha kumponya, ni cha kumfikisha. Akishafika hali hii si mtoto wa jikoni tena, ukimshindilia utamuua. Anatakiwa kituoni, leo, kabla gari la mwisho halijapita barabarani."

Kituoni! Kule walizungumza Kihispania, lugha asiyoimudu, haraka haraka, wakawafokea kina mama mbele za watu. Kutoka kule mtoto angeweza kupelekwa hospitali ya mjini, na mtoto wa binamu yake alirudi kutoka mjini akiwa amefungwa kwenye shuka. Na Max alikuwa mbali. Na njia ya kushukia barabarani ilikuwa na utelezi, tena ilipita karoni, na saa hizo Xepa na wenzake wote walikuwa pale, wakifua na kuhesabu anayepita na nani.

"Nitamngoja Max," alisema.

"Max atakuta nini?"

Talin alichukua mbeleko, akajaribu kumweka Tun mgongoni, lakini tumbo lilimvuta mbele na mtoto, mzito kwa maji, akamvuta nyuma. Akayumba. Akashika ukuta.

Nan Wela alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu aingie aliinyoosha mikono yake mbele, mikono ya mfumaji, migumu vidoleni.

"Kwa mteremko ule utaanguka nao wote wawili," alisema. "Nipe nimbebe mimi, mwanangu. Tupite pale pale karoni, waone. Nipe, angali analia."