Gari la Baba Mkubwa na Kona ya Tatu

Kwenye kona ya tatu ya mlima hakuna aliyengoja kuambiwa. Mimi nilishuka na dumu la maji, Bibi akashuka na kiti chake cha kukunja, Mama Mkubwa akashuka na kitambaa kinene cha kushikia mfuniko wa rejeta, na Baba Mkubwa akafungua boneti, akapotelea ndani ya mvuke kama mtu anayeoga. Ndivyo tulivyokuwa tukienda kumwona Shangazi, dada yake Baba Mkubwa, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Mwanamke anayeuza maji pale konani, ambaye sisi tunamwita Mama Ndoo, hutusikia tangu kona ya kwanza. Tukifika tunakuta ndoo iko barabarani inatusubiri.

Siku za kazi Baba Mkubwa anaendesha basi la shule. Watoto wanamwita Kobe, na hawamwonei. Sijawahi kuona basi lile likiipita baiskeli. Akikaribia tuta anapunguza mwendo mapema mpaka kina mama wanaosubiri watoto wanadhani amesimama, wanaanza kutembea kumfuata.

Lakini bandani, nyuma ya nyumba, lipo gari lake mwenyewe. Ni jekundu, lina milango minne na silinda nane, na boneti imetobolewa katikati ili supachaja ipate mahali pa kutokeza kichwa. Aliachiwa na bosi wake wa zamani aliyehama nchi. Bosi alimwambia, "Litunze." Baba Mkubwa alilielewa neno hilo kama kiapo.

Mgeni akija, hajamaliza hata kunywa maji, ameshapelekwa bandani kuelezwa supachaja ni nini.

"Injini ya kawaida inavuta pumzi yenyewe," Baba Mkubwa humwambia. "Hii inasukumiwa pumzi mdomoni, kwa nguvu. Ndiyo maana ina mbio."

"Na ndiyo maana ina homa," Mama Mkubwa hujibu kutoka dirishani.

Mama Mkubwa ni fundi cherehani. Mashine zake tatu ziko sebuleni, kwa hiyo wageni wetu hukaa katikati ya mikono ya mashati na kola ambazo hazijashonwa. Bibi aliwahi kukalia pindo la gauni la mteja, akainuka nalo, akaenda nalo mpaka bafuni. Miaka yote, gari lililala bandani, penye nafasi na mwanga, na watu wakakaa kwa kubanana.

Siku moja, tuliporudi kutoka kwa Shangazi tukiwa tumelowa mpaka soksi, Mama Mkubwa aliweka mkoba mezani, akasema bila kupaza sauti:

"Baba watoto, nimechoka kunywesha gari."

"Linaonewa tu na huo mlima, mke wangu."

"Basi sikiliza. Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao tunapanda tena. Likifika kwa wifi yangu bila kumwagiwa hata kikombe cha maji, libaki bandani mpaka tuzeeke, na sitasema neno. Likimwagiwa maji, Jumatatu mashine zangu zinahamia bandani, na yule mwenye magari ya maharusi aje alichukue."

Uso ulimshuka Baba Mkubwa. Mwenye magari ya maharusi alikuwa ameshakuja mara mbili kuliangalia, na mara zote alisema neno moja: nyeupe. Angelipaka rangi nyeupe, angelifunga utepe, na kwa kuwa maharusi hawana haraka, supachaja angeing'oa.

"Nyeupe," Baba Mkubwa alisema polepole, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa.

"Nyeupe ya maziwa," Mama Mkubwa alisema.

Mwezi ule hatukumwona Baba Mkubwa ila miguu. Kila akitoka kwenye basi alivua viatu vya kazi, akavaa ndala, akaingia chini ya gari. Rejeta ya zamani aliitoa, akafunga ya alumini, nene mara mbili. Akabadilisha pampu ya maji, akaweka kubwa zaidi. Mbele ya rejeta akafunga nyingine ndogo, bapa, yenye kijipampu chake peke yake, kwa ajili ya kupoza hewa inayotoka kwenye supachaja kabla haijaingia kwenye injini. Mipira yote ya maji ikawa mipya. Mwisho akang'oa feni ya zamani iliyokuwa ikizungushwa na injini, na mgongoni mwa rejeta akafunga feni mbili za umeme alizozipata kwenye gari bovu.

Feni zile zilikuwa na waya mbilimbili, zote nyeusi. Fundi umeme wa jirani alijitolea kuja kuziunga.

"Waya mbili tu?" Baba Mkubwa alimwambia. "Kaka, mimi naendesha basi lenye taa kumi na nane."

Ijumaa ya kabla ya safari alituita wote uani. Akatupanga mbele ya gari kama tunapigwa picha, akawasha injini, akabonyeza swichi. Feni zikanguruma. Upepo ukatoka kati ya meno ya mbele ya gari, ukatupiga usoni. Kanga ya Bibi ikapepea. Futi ya kupimia iliyokuwa shingoni mwa Mama Mkubwa ikaruka ikaning'inia nyuma.

"Mnausikia?" Baba Mkubwa alipiga kelele. "Mnausikia upepo huo?"

"Tunausikia!" tukajibu, na mimi nikiwemo.

"Mama, unausikia?"

"Mwanangu, zima, utaniua na mafua," Bibi akasema.

Gari liliunguruma pale nusu saa na mshale wa joto haukufika hata katikati. Baba Mkubwa alilala usingizi mzito siku hiyo, tukamsikia akikoroma mpaka chumba cha pili.

Jumamosi mchana aliliwasha tena pamoja na feni zake, kujifurahisha tu, akaenda kuoga akaliacha linaunguruma. Mama Mkubwa alikuwa anafagia vipande vya vitambaa kutoka sebuleni, akavisukuma mpaka mlangoni pa banda. Vipande vilifika mbele ya gari, vikaruka vikarudi kwake. Akavifagia tena. Vikaruka tena. Akasimama na fagio mkononi, akaviangalia vipande, akaliangalia gari, akainama kidogo kuchungulia zile feni kwenye upenyo. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akainua macho akaliangalia banda, juu mpaka chini, kama anayepima pazia. Akaondoka na fagio lake.

Mimi nilikuwa kizingitini nashona vifungo. Sikuelewa alichokiona, lakini nilielewa kuwa amekiona kitu.

Jumapili tukapanda mlima. Bibi mbele na kiti chake magotini, mimi na Mama Mkubwa nyuma, dumu langu katikati ya miguu. Baba Mkubwa alikuwa amekataza dumu, Bibi akasema bila dumu haendi.

Kona ya kwanza mshale ulikuwa chini. Baba Mkubwa akaanza kuimba wimbo usio na maneno. Kona ya pili mshale ukawa katikati, na wimbo ukapungua. Tulipoiacha ile kona mshale ukaanza kupanda wenyewe, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi na hajali nani anamtazama. Wimbo ukaisha.

"Haiwezekani," Baba Mkubwa alisema. "Uani nusu saa! Hapa dakika kumi!"

Hakuna aliyemcheka. Ilikuwa ajabu, maana katika gari lile kumcheka ndiyo ilikuwa redio yetu. Mshale ulibakiza upana wa kidole kuufikia wekundu. Akapunguza mwendo, akatoa mkono mmoja kwenye usukani, akaupapasa ubao wa mbele, akaliambia gari kwa sauti ndogo:

"Usijali. Hata nyeupe itakupendeza."

Nilimwona Mama Mkubwa akigeuka dirishani. Akarudisha uso.

"Baba watoto, simama."

"Kona yenyewe ile pale, tutasimama."

"Simama sasa. Injini usizime."

Akasimama. Mama Mkubwa akashuka, akachomoa kipande cha uzi kwenye pindo la gauni lake mwenyewe, akakishika mbele ya meno ya gari. Uzi ukanyooka kuelekea barabarani, mbali na gari.

"Sebuleni nina feni," alisema. "Nikiielekeza mlangoni, na upepo wa nje nao unaingia kwa mlango huohuo, vinakabana palepale. Nguo hazikauki, joto halitoki. Gari linakwenda mbele, upepo unakuja ndani. Na feni zako zinautukana upepo, zinaurudisha. Feni zinatakiwa zivute, wewe umezifunga zinapuliza."

Baba Mkubwa alishuka, akautazama uzi. "Lakini tuliusikia upepo..."

"Tuliusikia, ndiyo. Usoni kwetu! Nani alikwambia sisi ndio tunaochemka?"

Bibi alicheka mpaka kiti cha kukunja kikamponyoka.

Baba Mkubwa alifungua boneti, akazima swichi, akabandua utepe mweusi wa kuungia. Mama Mkubwa akamkabidhi mkasi wake mdogo wa nyuzi, ule ambao hata mimi siruhusiwi kuugusa. Akakata, akazungusha waya: ya kushoto ikaenda kulia, ya kulia ikaenda kushoto, feni ya kwanza, kisha ya pili. Akabonyeza swichi. Mama Mkubwa akaachia uzi wake. Ukaruka ndani, ukanasa kwenye meno ya gari, ukabaki umeganda hapo.

Tukasimama pale tukiuangalia mshale kama watu wanaosubiri matokeo. Ulitulia. Kisha ukashuka, kidogo, kidogo tena.

Mama Ndoo alikuwa ameshateremka kutoka konani na ndoo yake kichwani.

"Leo mmeshindwa hata kufika kwangu?"

"Hatutaki maji leo, dada," Baba Mkubwa alimwambia, kifua mbele.

"Hamtaki?" Alituangalia mmoja mmoja, tulivyokuwa wakavu. "Kuna msiba?"

Tuliipita kona ya tatu. Mimi mkono ulikuwa umeshashika mlango, nikautoa. Tulifika kwa Shangazi mapema sana, tukamkuta bado anafagia, ndala mguu mmoja.

"Mmekuja na gari la nani?" akauliza.

Wakati wa kurudi, Bibi akiwa amelala, Baba Mkubwa aliangalia kioo cha ndani.

"Mke wangu, jambo la feni uliligundua lini?"

"Palepale."

"Palepale mlimani?"

"Nikwambie mara ngapi?"

Macho yake kiooni yakahamia kwangu. Nikaliangalia dumu. Lilikuwa limejaa vilevile, mfuniko haujaguswa. Hakuuliza tena, lakini mlima mzima wa kushuka hakuimba. Aliendesha kama siku za basi.

Tulipofika nyumbani hakuliegesha gari katikati ya banda kama kawaida. Alilisogeza ukuta wa pembeni kabisa, kioo cha pembeni kikakunjwa, akashuka kwa mlango wa upande wa pili kwa taabu, akasimama kwenye nafasi iliyobaki. Akaipima kwa hatua.

"Leta mashine moja," alisema.

"Moja tu?" Mama Mkubwa akauliza. "Tulikubaliana likifika libaki."

"Si limebaki? Basi leta mbili. Ya tatu itakwaruza rangi."

Mama Mkubwa akavua futi shingoni, akampa ncha moja ashike, akaivuta mpaka ukutani. Akaisoma. Akaisogeza kidogo, akaisoma tena.

"Tatu zinaingia," alisema. "Ukikunja na kile kioo kingine."