Viriba vya Mama Aneth

Mara ya kwanza kufika kwa Imakulata, Mama Aneth wa Kakese, nilitafuta miche ya mipapai ya kwenda kuuza. Yake ilikuwa minene, kila mmoja kwenye kiriba, ule mfuko mweusi wa nailoni unaojazwa udongo. Tulivutana bei mpaka akachoka. Nikajua tumemaliza.

“Viriba vinarudi,” akasema.

“Vinarudi wapi?”

“Hapa. Mteja akishapanda, unaniletea.”

Nimenunua mpunga na asali mkoa mzima, sijawahi kudaiwa mfuko mtupu. Niliona ni ujanja tu.

“Mama Aneth, sema niongeze ngapi.”

“Ungeniuliza kwanza kwa nini.”

Sikuuliza. Nilisema sawa, nikapakia.

Wateja wangu walikuwa majirani zake, wenye mashamba juu ya bonde. Walichana viriba wakavitupa palepale. Sasa mimi nisimame kumsubiri mtu apande?

Nilirudi mikono mitupu. Nikamkuta ndani ya mfereji unaopeleka maji kwenye jaruba lake la mpunga, tope magotini, anavuta nailoni kwa jembe. Mvua ikinyesha zinashuka toka huko juu, zinaziba, maji yanaishia njiani na mpunga unakauka. Hakugomba.

“Nauza mche mbele,” akasema, “mfuko unanirudia kwa nyuma.”

Msimu uliofuata aliacha viriba kabisa. Alijaza udongo kwenye maganda ya mgomba na kuyafunga kwa kamba za mgomba huohuo. Mche unafukiwa hivyohivyo, ganda linaoza shambani.

“Hawatanunua hii,” nikamwambia. “Watasema ni miche ya kimaskini.”

“Kwani wao wametajirika lini?”

Nilipakia toyo moja, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, kujaribu tu. Maganda mengine yalipasuka barabarani, na bibi mmoja akaniuliza kama hiyo miche nimeiokota porini. Sikurudi tena. Nilihamia kwa Deusdedit, mwenye kitalu kando ya barabara. Yeye hujaza viriba vipya kila msimu na hadai kitu kirudi.

Hivyo wateja nimebaki nao mimi. Mama Aneth anawauzia wachache wanaomfuata wenyewe na beseni. Alidhani walau jaruba litapona. Halijapona, mwaka huu nusu yake ilikauka, maana viriba bado vinashuka, ila sasa ni vya miche ya Deusdedit ninayouza mimi.

Juzi nilipita hapo na toyo imejaa. Alikuwa mferejini.

“Felisiani, biashara inaendaje?”

“Inakwenda, mama.”

“Naiona,” akasema, akatupa fungu jingine la nailoni ukingoni, akainama tena.