Gobori Lililonitangulia kwa Mume

Mimi nilipelekwa kwa mume nyuma ya maiti, na maiti yenyewe ilikuwa bunduki. Wajukuu wakisikia hivyo hutazamana, wakadhani bibi kazeeka. Miguu ndiyo imezeeka. Kichwa kizima.

Enzi hizo Mwingereza ndiye mwenye nchi. Babu yangu alikuwa mpagazi, akibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani, na safari ya mwisho alirudi na gobori, lile la kushindilia baruti kwa mdomoni. Alipokufa likabaki kwa baba, limetundikwa juu ya kitanda. Kila asubuhi baba aliliamkia, "Shikamoo baba." Gobori halijibu, basi akajijibia mwenyewe, "Marahaba."

Nyumbani kwetu msichana haingii kwa wakwe mpaka gobori litangulie, tena lilie mlangoni. Wakwe wasikie kwamba huyu ana watu. Shangazi yangu, dada yake baba, aliingia hivyo. Dada zangu pia. Shangazi alikuwa akisema, "Aliyeingia kimya, kesho atapigwa kimya."

Zamu yangu ikafika. Mchungaji wa misheni alikwishatufungisha ndoa Jumapili, lakini baba alisema mchungaji amefungua mlango wa mbinguni, mlango wa mama mkwe bado. Akaapa: gobori lisipolia, binti anarudi nyumbani siku ile ile. Nami nilimtaka yule mwanamume. Naandika wazi, sina wa kumwogopa. Alikuwa mrina asali wa upande wa Ipole, mabega kama mlango.

Balaa likawa sheria. Baba alikuwa na ruhusa ya kuweka gobori nyumbani, alinde mahindi. Kulibeba njiani, hapana. Akaenda kwa mguu mpaka Tabora, bomani, kuomba kibali. Alivyorudi alitusimulia kwa hasira.

Karani alimwuliza, "Sababu ya kubeba silaha?"

"Naoza binti."

"Nimeuliza sababu, mzee. Nguruwe? Nyani? Simba?"

"Mkwe."

"Mkwe ni mnyama mkali?"

"Bado hatujamjua."

Karani akamweleza kwamba bunduki shambani ni ulinzi, bunduki hiyo hiyo barabarani ni hatari kwa watu. Baba akamwuliza, "Kwani shambani hakuna watu?" Karani akasema, "Basi mwambie mkwe wako ahamie kwenye mahindi yako, umlipulie hapo hapo." Baba akatoka bila kuaga.

Wakakaa kikao, baba zangu wadogo wote na shangazi. Mmoja akasema tulivunje, kila mtu abebe kipande. Mwingine akasema tulifunge ndani ya mkeka wangu. Baba akajipiga gotini kwa kiganja.

"Baba yangu hafichwi mkekani kama gongo!"

Shangazi akatema mate pembeni. "Basi abebwe kama baba. Tangu Mwingereza aje, sijaona maiti ikiombwa kibali."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wakafunga machela ya miti, wakalaza gobori, wakalifunika shuka jeupe mpaka juu. Baba zangu wadogo wanne wakabeba, baba mbele ameinama, mimi nyuma na shangazi. Niliambiwa nilie. Bi harusi hulia tu, haikuwa kazi.

Ila kwetu ukikutana na maiti njiani unatua mzigo, na ukiwa mtu mwenye adabu unafuata. Wakafuata wanawake wenye vikapu vya uyoga. Akafuata mtu wa baiskeli aliyepakia nta. Mama mmoja akalia kuliko mimi, mpaka kanga ikamvuka begani. Nikamnong'oneza shangazi, "Huyu ni nani wetu?"

"Simjui. Analia vizuri, mwache."

Tulipoingia ile njia kuu ya zamani, njia ya misafara, tukakuta kizuizi cha mbung'o. Serikali ilikuwa imelaza gogo katikati ya njia, na pembeni kibanda cha askari mwenye kaptula ya kaki na wavu wa kukamatia wale inzi wa malale. Kila mpita njia aligeuzwa mbele na nyuma kama samaki kikaangoni. Baba alilijua hilo, akasema askari ataiheshimu maiti. Asichokumbuka ni kwamba askari yule alikuwa Mzaramo. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, wametaniana tangu misafara ilipofika pwani, na mtani msibani ana haki zake. Humtukana marehemu, huzuia maziko, hulala hata kaburini mpaka apewe chake. Sisi tukaenda kumpelekea mtani maiti kwa miguu yetu wenyewe!

"Nani kafa?" akauliza.

"Baba yangu," akajibu baba.

Askari akatupa wavu kwa furaha. "Mnyamwezi kafa! Kafa kwa asali au kafa kwa mzigo?"

"Alikuwa mpagazi."

"Basi leo kabebwa yeye, raha iliyoje!" Akajilaza chali njiani, mbele ya machela. "Hapiti mtu. Nataka jogoo, na nimwone marehemu usoni, nijue kweli ameacha kula."

"Mtani, tuachie, binti yangu anasubiriwa kwa mume."

"Kwa mume? Mnampelekea mkwe maiti? Nyie watu wa bara mna zawadi!"

Akainuka, akafunua shuka. Watu wakasogea kuchungulia.

"Marehemu ana kitako cha mti," akasema.

Yule mama wa kulia akafuta macho. "Yesu wangu, nimelilia chuma!"

Askari akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni, utani ukaisha, ikabaki serikali. Akasema silaha imekamatwa, kesi inakwenda kwa mwanangwa, na mwanangwa, mkuu wa vijiji vile, alikuwa anakaa kule kule nilikokuwa naolewa. Baba mdogo mmoja akainama alibebe.

"Acha! Una kibali wewe?"

Askari akaliweka begani mwenyewe, akatangulia. Sisi nyuma. Shangazi akanifinya mkono. "Tembea. Usicheke."

Tukaingia hivyo kwa wakwe, gobori mbele limebebwa na serikali. Ngoma ikakatika. Mwanangwa alikuwa ameketi na wageni, ana paja la kuku mkononi. Akaliweka chini, baraza likaanza hapo hapo uani.

"Umebeba bunduki barabarani?"

"Sikubeba," akasema baba. "Wamebeba watu wanne. Kila mmoja robo."

"Na robo ya bunduki ni nini?"

"Kuni."

Watu wakacheka, mwanangwa hakucheka. Baba akaona mambo magumu, akabadili. "Mwanangwa, hili limekufa. Halilii. Ni chuma tu cha ukumbusho."

Mwanangwa akafikiri. "Kama halilii, si bunduki. Chukua chuma chako, kesi imekwisha."

Baba akatabasamu, halafu tabasamu likamkauka. Ameshinda, na gobori halijalia. Kiapo kilikuwa chake mwenyewe. Nilimtazama yule mwanamume wangu kule mlangoni kwa mama yake, naye akanitazama, nikaanza kulia kweli sasa.

Shangazi akatia mkono kifuani, akatoa pembe ya baruti, na fataki za kuwashia baruti, zimefungwa kwenye pindo la kanga.

"Mwanangwa, kaka yangu mwongo. Linalia. Lijaribuni."

"Dada! Unaniuza mbele ya wakwe?"

"Nyamaza, mwanamume. Lijaribiwe pale mlangoni, penye nafasi."

Mwanangwa akaamuru. Askari akaanza kushindilia, lakini mkono usiozoea, jamani, hujulikana. Baba akashindwa kuvumilia. "Usijaze hivyo, utajilipua! Shindilia! Sasa fataki! Inua juu, juu!" Mshtakiwa akamfundisha shahidi mpaka mwisho.

Gobori likalia. Kuku wakaruka, mama mkwe akakaa ndani ya beseni la mchele, moshi ukafunika mlango wote. Shangazi akapiga kigelegele, na yule mama wa njiani akadakia.

"Limesikika!" baba akapiga kelele.

"Umekiri kosa?" akauliza mwanangwa.

"Nakiri! Ukitaka nakiri tena!"

Hukumu ikawa beberu mmoja, aliyeliwa jioni ile ile na aliyehukumu na aliyehukumiwa, na kwamba silaha ile isionekane barabarani tena maisha. Askari akapewa jogoo wake. Baba akashukuru, akalichukua gobori aende zake.

"Unapita wapi nalo?" akauliza mwanangwa.

Baba akatazama lango. Nje ya lango ni barabara.

Likabaki kwangu. Lilitundikwa juu ya kitanda chetu, na mabinti zangu wote wameolewa, na kila mkwe amelazimika kuja kwangu na jamaa zake kulisikiliza, maana lenyewe haliruhusiwi kutoka. Baba alikuwa akija kila mavuno. Anavua kofia, ananipita mimi mlangoni na mtoto mgongoni, anaingia mpaka chumbani.

"Shikamoo baba. Marahaba."

Kisha ndipo anatoka uani kunitafuta. "Mama, uji upo?"