Nani Atachagua Nyaya?

Saa tisa alasiri kengele ya mwisho imelia, na Mama Bisibisi anafunga mlango wa iliyokuwa stoo ya shule. Mezani ipo roboti ya magurudumu manne, imevuliwa ganda, matumbo nje. Wanafunzi watano wameketi mbali mbali kama abiria wasiojuana.

"Mashindano yamekwisha, sasa ni wakati wa kujinoa," anawaambia. "Kila mtu aseme anataka kujifunza nini."

"Kuendesha roboti," anasema wa kwanza. Wa pili, kuendesha. Wa tatu, programu. Wa nne, kuendesha.

"Madereva watatu, gari moja! Mnafungua kampuni ya teksi?"

Hakuna anayecheka. Macho yao yanaukwepa upande wa meza wenye nyaya.

Mama huyu ni fundi wa maabara. Kazi yake ni kuosha chupa za kemia na kuziba mabomba yanayovuja. Timu aliianzisha kwa hiari yake, kwa vipuri vya mashine mbovu za kunakilia.

Katika fainali iliyopita roboti ilizimika katikati ya uwanja. Waya wa betri ulikuwa umechomoka. Kila mmoja akaapa hakuugusa.

"Betri haina mikono," anasema fundi, akimshushia sauti mwandishi wa habari aliyeketi pembeni. "Tangu siku ile tunatazamana kama paka na panya. Anayechagua nyaya ataonekana amekiri. Hata mimi wananishuku, kwani niliyeibeba roboti kutoka garini ni mimi."

Naye mkuu wa shule ameshatamka: roboti ikizimika tena, chumba hiki kitarudi kuwa stoo ya viti vilivyovunjika.

Amebaki wa tano, msichana wa miwani wanayemwita Profesa.

"Nyaya," anasema.

Wenzake wanageuka kwa pamoja. "Kumbe ni wewe!" anadakia mvulana aliyekuwa dereva wa timu kwenye fainali.

"Sijui kama ni mimi. Ndiyo maana nataka kujifunza. Wewe unajua kwamba si wewe?"

Dereva anautazama waya wa betri.

Mama Bisibisi anakuna kichwa kwa mpini wa bisibisi. Alikuja na mpango wa kila mtu na fani yake. Anauacha hapo hapo.

"Basi wote mtasoma nyaya, nami nimo. Na msiaminiane, wanangu. Mmoja afunge, asiyemwamini avute."

Profesa anafunga waya. Dereva anauvuta kwa hasira zote za fainali, hadi roboti inaburuzika mezani. Waya umeshika.

"Ngoja nivute tena," anasema dereva, bado amekunja uso.

"Vuta, kaka. Kisha ufunge wako, nikuoneshe kuvuta."

Mlangoni, mwandishi anamuuliza fundi anatarajia nini msimu ujao. Anawatupia jicho vijana wake, wanaopokezana nyaya bila tabasamu.

"Nataka waingie uwanjani hawaaminiani hata kidogo," anasema, "na roboti itembee mpaka mwisho."