Mwaka Taa Zilipozimwa Ziwani

Ndakala wakianikwa mchangani wana harufu inayoshika nywele, nguo, hata ugali. Ndiyo harufu ya utoto wangu, kijijini kwetu kando ya Ziwa Tanganyika. Wavuvi walitoka jioni na taa za karabai, kwa kuwa ndakala hufuata mwanga, na asubuhi sisi watoto tuliwatandaza samaki wale wadogo juani huku tukifukuza kunguru. Shule niliionja tu, lakini majina ya wavuvi wale ninayo yote: Asukulu, Mmunga, Etabo na ndugu yake Alimasi, na mzee Lubunga aliyekuwa na jicho moja na matusi mengi.

Mwaka ule askari wa serikali walituletea boti yenye bunduki kubwa. Tukapiga vigelegele, mchungaji akaiombea. Bon, basi, waasi waliokuwa wameshika ufuko wa kusini wakasikia, nao wakaleta yao, kubwa zaidi. Askari wakaongeza ya pili. Waasi nao hivyo hivyo. Kila upande ulisema hautaki vita, unamzuia tu mwenzake. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawa walikuwa na ziwa zima, na bado halikuwatosha. Kisha ikatoka amri: taa yoyote itakayoonekana majini ni ya adui, itapigwa. Taa zikazimwa. Pasipo mwanga ndakala hawapandi juu, kwa hiyo njaa ikaingia nyumbani huku boti za kutulinda zikizidi kuongezeka.

Kaka yangu Wilondja, aliyejua kila mwamba wa ufuko ule, akachukuliwa awaongoze askari majini. Alikwenda kwa furaha, maana huko walikula. Mama alimsihi akatae. Akamjibu, "Mama, hatuendi kupigana. Wakituona tu, watarudi kwao." Asubuhi moja ya ukungu boti mbili zikakutana, kila moja ikiwa haijaiona nyingine vizuri. Tulisikia mlio, kisha mwingine, kisha kimya. Yetu haikurudi. Wavuvi walituletea mbao na pipa la mafuta. Wilondja hawakumpata.

Nimezeekea mbali na maji yale. Vita vilitukimbiza hadi ng'ambo: tulifikia Buffalo kwenye theluji, tukahamia Columbus, kule Morse Road ambako sombe, majani ya muhogo ya kwetu, haikosekani dukani, na sasa tuko Louisville, ambako binti yangu Furaha anapakia mizigo ghalani. Mwanawe nilimpa jina mimi mwenyewe: Wilondja. Wiki iliyopita alituambia amejiandikisha jeshi la wanamaji, anaondoka Jumatatu. Na televisheni yetu kila siku inaonyesha Wachina wakishusha majini meli mpya za vita, na wakubwa wa hapa wakiapa kujenga nyingi kuliko zao.

Nilimwambia abaki. Akacheka. "Koko, usiogope. Ni kuwazuia tu. Meli yetu ni kama mji mzima, si ile boti yenu ya mbao."

Nikamwambia, "Mjukuu wangu, huko China kuna koko mwingine leo anaambiwa maneno hayo hayo."

Akanijibu kwa Kiingereza kwamba nina wasiwasi mwingi, akarudia simu yake. Jeshi litamsomesha mtoto chuo, jambo ambalo Furaha hawezi, na mimi sina cha kumpa badala yake.

Jana baada ya ibada mjukuu wangu alipiga magoti nimwombee. Nilimwekea mkono kichwani, nikatafuta la kusema. Niombe meli yao iwe na nguvu kuliko ile nyingine? Hata ile ina watoto wa watu ndani. Nikasema amina tu, na wote wakaitikia wakidhani nimeomba kimoyomoyo. Mama yangu aliishi miaka mingi akilitazama ziwa lililommeza mwanawe. Angalau alijua atazame wapi. Mimi nikifungua pazia hapa Kentucky naona magari yameegeshwa, na hiyo bahari anayokwenda mtoto wetu, hata iko upande gani sijui.